UZI: Boti ya Mto Wami, Saadani. Kabla hujauliza bei, uliza mwezi uko wapi

#1 Mchu wa Kaole

Wakuu, heshima kwenu.

Kila sikukuu ikikaribia simu yangu haipumziki, na swali ni lilelile: "Boti ya Wami bei gani?" Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamtupia huu uzi asome mwenyewe. Mimi ni wa Bagamoyo, nasindikiza wageni mara mojamoja, sina boti na sina asilimia ya mtu. Wale wa "hili tangazo" mjue hilo mapema.

Bei ni swali la mwisho. La kwanza ni maji. Nimeona watu wametoka Dar usiku wa manane na familia, wamelipa kila kitu, wamepanda boti, wamezunguka, wakarudi wananuna: "Tumelipia kuangalia majani." Na wengine wiki moja baadaye, mto uleule, nahodha yuleyule, wanarudi wamekauka sauti kwa kupiga kelele za furaha. Watu wanaita bahati. Bahati ni ndogo sana hapo.

Kwa wasioijua: Saadani ni hifadhi ya taifa inayogusana na Bahari ya Hindi. Zamani lilikuwa pori la akiba, ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, iko nusu Pwani nusu Tanga. Wami unapita kusini yake kabla ya kumwaga baharini. Maji yale yametoka mbali: kuna Kinyasungwe wa Dodoma, Mkondoa wa Kilosa, Mkata, yanapita Dakawa kwenye mpunga, yanapita chini ya daraja la Mandera mnalolivuka mkienda Tanga kwa basi, ndipo yanafika huku yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Sasa huku chini mto hauko peke yake. Bahari inaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu inazidi mita 3. Maji yakijaa, kingo zote zimefunikwa, boti inapita usawa wa matawi, mamba yuko majini au kajificha kwenye vichaka, ndege wamekaa juu wanasubiri. Kweli utaona majani. Maji yakikupwa, tope linatoka nje pande zote mbili. Mamba anapanda kuota jua, yangeyange na kongoti wanashuka kula, viboko wanasogeleana kwenye vina kwa sababu sehemu nyingine maji hayawafuniki mgongo.

Kwa hiyo hesabu yako ni hii. Bamvua linakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Wenye kalenda ya Kiislamu ukutani wana kazi rahisi: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, hapo ndipo penyewe. Siku hizo pwani yetu maji hukupwa mida ya saa nne, saa tano asubuhi. Unaondoka gatini saa mbili na nusu, unashuka na maji, saa nne uko katikati ya tope na kila kitu kiko nje, halafu unarudi maji yakiwa yanapanda na kukusukuma. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kama dakika 50. Tarehe 5 au 6 ya mwezi mwandamo yanakupwa saa saba, saa nane mchana, na hiyo ni nzuri kwa wanaotaka jioni: maji yanapanda, jua linashuka, ndege wanarudi kulala kwenye mikoko makundi kwa makundi.

Tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Yanakupwa kidogo, yanajaa kidogo. Unaweza kwenda, lakini usije kunilaumu.

Maswali karibuni. Mambo ya hoteli siyajui.

#2 Pembe la Fuko

Naweka kambi hapa. Uzi bila picha lakini mkuu?

#3 Mchu wa Kaole

Picha zitakuja, simu yangu inapiga mamba anaonekana gogo. Hata kwa macho anaonekana gogo, kwa hiyo hukosi kitu.

#4 Mama Wawili

Kaka asante kwa maelezo. Mimi swali langu ni moja tu na nijibuni kwa ukweli: kiboko anaweza kupindua boti? Nina watoto wa darasa la tatu na la tano, baba yao anataka twende, mimi roho haitaki.

#5 Nahodha Mstaafu

Shikamooni kwa wakubwa, marahaba kwa wadogo. Mama Wawili, nikujibu mimi maana nimeshika usukani kwenye mito hii kabla hawa vijana hawajazaliwa.

Anaweza. Dume la kiboko lina uzito wa tani na nusu na zaidi, mtumbwi kwake si kitu. Ila hafanyi hivyo kwa kupenda. Kiboko mchana anapumzika majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua, usiku ndio anapanda nchi kavu kula majani. Hawezi hata kuogelea vizuri kama mnavyofikiri, anatembea chini ya maji kwa miguu, anajisukuma, anaibuka kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo penye kina kifupi hana pa kujificha, na hapo ndipo anakuwa mkali. Nahodha anayejua kazi anafanya mambo matatu tu.

Hamzibii njia ya kwenda kwenye kina. Ukikaa kati ya kiboko na maji marefu umemwambia pigana.

Hamwendei akiwa na mtoto. Mama wa kiboko hana mchezo.

Na anaangalia maji, haangalii kiboko. Kiboko akizama usihangaike na pale alipozamia, tazama mapovu na mkunjo wa maji juu, ndio yanakuambia anaelekea wapi. Mapovu yakija kwako, unaondoka taratibu pembeni. Huzimi injini ukabaki unashangaa.

Akipiga mwayo msifurahi na simu zenu. Huo si usingizi. Anakuonyesha meno.

Ukipanda boti ya hifadhi yenye askari au mwongozaji, na watoto wamevaa jaketi za kuokolea zimefungwa mpaka juu, usiogope. Ukipewa mtumbwi wa mtu na ahadi, kataa.

#6 Mama Wawili

Marahaba baba yangu… samahani, shikamoo! Nimechanganyikiwa na hilo la meno. Nimekuelewa, ahsante sana.

#7 Chuma cha Pua

Hahaha dada kamuitikia mzee marahaba. Uzi umeanza kunoga.

#8 Mgosi wa Bweni

Wagosi mpo? Sisi wa Pangani tunasoma tu kimya. Kwani mto ni Wami peke yake? Pangani mto unapita mlangoni, unapanda boti palepale mjini karibu na kivuko, hakuna geti, hakuna safari ya vumbi. Unapanda juu, minazi pande zote, kima wanaruka, mamba wapo, jioni unarudi unakula samaki mtoni. Na historia juu: Abushiri alinyongwa palepale mjini Desemba 1889, Wajerumani walivyomshika. Huko Wami mna nini zaidi ya matope?

#9 Mchu wa Kaole

Mgosi, Pangani naipenda, sibishani. Lakini usinitoe kwenye historia. Saadani ndiko kulikokuwa kwa Bwana Heri, na mwaka huohuo Wajerumani walipiga mizinga kutoka baharini na bado aliendelea kuwasumbua. Tugawane heshima.

Kuhusu mto, hapana, havifanani. Pangani ni mto wenye mabwawa juu: Nyumba ya Mungu na Hale ni vya miaka ya 1960, na mtambo wa New Pangani Falls uliwashwa 1995. Maji yanayofika kwenu yanaachiwa na watu. Ninyi wenyewe mnajua chumvi inavyopanda mtoni, wazee wa minazi watakuambia. Viboko nao wanataka maji yasiyo na chumvi nyingi na majani mabichi ya kula usiku. Pangani ni matembezi mazuri ya mto wenye mji. Wami ni mto wenye wanyama. Ukitaka yote, lala Pangani, kesho yake shuka Saadani kwa barabara ya pwani kupitia Mkwaja na geti la Madete, ambako kwenye ufukwe kasa wa kijani wanataga. Muulize askari kama ni msimu wake.

#10 Mgosi wa Bweni

Aya, nimekusamehe. Lakini samaki wetu watamu kuliko wenu.

#11 Binti Chumbageni

Mimi naongezea jambo la nidhamu, maana watu wanadhani uhodari wa nahodha ni kusogelea. Tulipanda boti (si ya hifadhi, ilikuwa mto mwingine na mtu simtaji) kijana akaona wageni wana simu kubwa, akawasha injini akawapelekea viboko karibu kabisa ili apewe bakshishi. Dume likazama. Nikaona mapovu yanakuja moja kwa moja. Hapo hapo kijana kimya, na yeye kachanganyikiwa. Liliibuka nyuma yetu kama urefu wa boti moja, likatoa pumzi kwa kishindo, maji yakaturukia usoni. Wazungu wanacheka wanadhani ni sehemu ya onyesho. Mimi nilikuwa nasoma Ayatul Kursi.

Jamani ukimuona nahodha anakimbilia wanyama ili uridhike, mwambie arudi. Bakshishi mpe yule anayekaa mbali na kusubiri. Wanyama wakizoea kwamba boti haiwakimbilii, wanatulia, unaona mengi zaidi.

#12 Pembe la Fuko

Mamba vipi? Nyie mnaongea viboko tu.

#13 Nahodha Mstaafu

Mamba mtamwona akiwa ameachama mdomo juu ya tope, mmetulia, mnasema "mkali huyo." Wala. Anapoza mwili. Akishapata joto la kutosha anafungua mdomo joto litoke. Mkiwa kimya mtapita. Mkipiga kelele atajitelezesha, na hapo ndio mtaelewa, maana hakuna mlio. Kitu cha mita 4 kinaingia majini hata mawimbi hakuna.

Kiangazi majike yanafukia mayai kwenye mchanga mkavu wa kingo na kuyalinda miezi kama mitatu. Joto la mchanga ndilo linaamua watoto wawe madume au majike. Wakitoka, mama anawabeba kinywani kuwapeleka majini. Mdomo uleule. Ukiona jike limekaa juu ya mchanga mkavu halitaki kushuka hata boti ikipita, msishuke kupiga picha hapo. Hamshuki popote kwa kweli.

#14 Mkwere Halisi

Naomba niseme na mimi wa huku.

Nimekaa kando ya Wami, juu kidogo ya hifadhi. Ninyi mnalipa kumuona mamba. Sisi hatumlipii, anakuja mwenyewe. Mnavyoandika "mdomo wazi anapoza mwili" mimi nasoma huku nakumbuka watu ninaowajua. Mto ndio bomba letu sehemu nyingi. Mtoto anakwenda na ndoo saa kumi na mbili asubuhi, mama anakwenda kufua. Pale tulipojitahidi tumepiga miti majini kwa duara, watu wanachota ndani ya uzio. Mafuriko ya masika yakija yanaung'oa, tunaanza upya.

Viboko usiku wanaingia kwenye mahindi na mpunga. Asubuhi unakuta njia kama limepita trekta. Kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyeumia au kufariki, ipo kisheria, lakini utoe taarifa mapema, afisa wanyamapori aje aone, uandikiwe, usubiri. Wengine wanakata tamaa hata kutoa taarifa.

Sisemi msije. Njooni. Ila mkifika kijijini mkakuta mtu amenuna mamba anaposifiwa, msimuone mshamba.

#15 Mchu wa Kaole

Mkwere, pokea mkono. Umesema kitu ambacho sisi wa boti tunakikwepa. Niongeze kwa wanaosoma: ukikuta watu wako mtoni wanachota au wanafua, nahodha apunguze mwendo kabisa mpaka apite. Wimbi la injini linamsogezea mtu maji mpaka magotini wakati yeye alishapima pa kusimama. Na usimpige mama wa watu picha anafua.

Kingine, mkinunua mihogo, ndizi, madafu, nunueni vijijini mnakopita, si mbebe kila kitu kutoka Dar kwenye friji ya barafu.

#16 Mkwere Halisi

Hapo sawa mkuu. Na ufuta wetu.

#17 Darubini Mkononi

Mimi ni mtu wa ndege, niacheni nitambe kidogo.

Mwambieni nahodha azime injini ashike pondo pale mto unapogeuka kuwa na mikoko pande zote. Msikilize anavyodunga chini na kusema kimoyomoyo "tope… tope… mchanga", anasoma njia kwa mkono. Hapo ndipo utasikia. Furukombe analia kabla hujamuona, kichwa cheupe juu kabisa ya mti uliokauka. Mdiria wapo wa aina aina: kuna yule mweusi kwa mweupe anayesimama hewani juu ya maji kisha anadumbukia, kuna mkubwa mwenye kifua cha rangi ya kutu, na kuna mdogo wa buluu ambaye unaona mstari wa rangi tu umepita. Keremkerem wanatoboa mashimo kwenye kingo za udongo zilizosimama wima. Kenge naye anazunguka hapohapo anatafuta mayai.

Shusha macho kwenye tope. Kaa wadogo, madume yana gando moja kubwa kuliko mwili, wanalipunga juu chini kuita majike na kutishana. Kuna visamaki vyenye macho juu ya kichwa, vinatembea topeni kwa mapezi, vinapanda mizizi ya mikoko, boti ikikaribia vinaruka ruka juu ya maji bila kuzama. Watoto wangu walisahau viboko kabisa, waliangalia hivyo tu. Mama Wawili, kwa ajili ya hao wako, hiyo peke yake inatosha.

Ndege wahamiaji wa kutoka Ulaya wanakuwepo wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi hivi, wanatafuta chakula kwenye tope la maji kupwa. Wakati wa kusi ni wenyeji tu. Heroe (flamingo) mara nyingine wanaonekana kwenye mashamba ya chumvi pale Saadani, si mtoni.

#18 Chuma cha Pua

Hivi hiyo mikoko si yote ni mmoja tu?

#19 Nahodha Mstaafu

Mjukuu wangu wewe, unatia aibu babu zako waliojenga nyumba kwa boriti.

Kule mdomoni mwa mto, mbele kabisa penye wimbi, ni mlilana, ndio anayesimama na bahari. Ukiingia ndani kwenye tope ni mkoko wenyewe, yule mwenye mizizi inayosimama kama miguu. Mchu yuko penye mchanga, majani yake kwa chini meupe, mara nyingine utakuta chumvi imekauka juu ya jani, ilambe. Mkomafi ana tunda kubwa la duara, likianguka majini linapasuka mbegu zinaelea. Ukianza kuona msikundazi, chumvi imepungua. Ukiona mikindu na mikuyu imeinamia maji, umeingia maji baridi, hapo angalia juu: mbega. Mweusi, mabega yana manyoya marefu meupe, hana kidole gumba, kazi yake kula majani na kukaa. Nahodha hahitaji kipimo chochote. Miti inamwambia chumvi imefika wapi.

Na nitawaambia jambo. Kiangazi kirefu, Septemba na Oktoba, chumvi inapanda juu zaidi maana mto umepungua. Juu kule kuna miwa ya Mtibwa, mpunga wa Dakawa, mradi wa maji wa Chalinze unachota Wami hiyohiyo. Kila mmoja ana haki yake ya kunywa. Lakini mto ukifika huku chini umechoka, viboko wanarudi juu, na kamba wadogo wanaokulia kwenye mikoko hawapati mchanganyiko wa maji wanaoutaka. Wavuvi wa Saadani maisha yao ni kamba. Watu wanadhani mto ukimwaga baharini maji yamepotea bure. Hayajapotea hata tone.

#20 Pembe la Fuko

Mzee uandike uzi wako. Naomba sasa mambo ya dunia: nafikaje, nalipaje, navaa nini.

#21 Mchu wa Kaole

Haya, haraka haraka.

Kutoka Bagamoyo unapitia Makurunge unaingia kwa upande wa kusini, geti la Gama, na Wami ndio uko hapohapo. Kutoka Tanga au Arusha, kwenye barabara kuu ya Chalinze na Segera, unaingilia Mandera, unapita Miono na Mkange hadi geti la Mvave. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, udongo mweusi wa kule unanata, gari dogo usithubutu, na mto wenyewe umejaa magogo. Juni hadi Oktoba barabara nzuri. Januari na Februari nayo haina shida.

Malipo ni ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kwa namba ya malipo, benki au simu, hakuna kupokea noti getini. Beba kitambulisho cha taifa, maana ada ya Mtanzania ni ya shilingi na ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni, sasa usipokuwa na kitambulisho ubishi unaanza. Boti ina ada yake kando ya kiingilio, na inabidi uombe kabla, si ufike getini useme nataka boti sasa hivi. Bei piga simu ofisi ya hifadhi, zinabadilika. Ukiwa kundi mnagawana.

Safari yenyewe inachukua muda wa saa mbili hadi tatu. Hakuna choo mtoni, wazazi mnasikia? Kofia yenye kamba, mikono mirefu, maji ya kunywa, nguo zisizong'aa. Manukato makali acha nyumbani, nzi wa kule wanayapenda kuliko mume wako.

Wa Tanga na Bagamoyo mnaochukuliwa na boti za mtaani kwenda midomo ya mito mingine, Ruvu kwa mfano, ulizieni leseni ya TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, na jaketi kabla ya kupanda. Wakati wa kusi mdomo wa mto una mawimbi yanayovunjikia kwenye fungu la mchanga, maji yakikupwa boti inakwama, yakijaa inapigwa. Nahodha mzuri anakataa kutoka. Akikataa, mshukuru mnywe chai.

#22 Nahodha Mstaafu

Na jedwali la maji mnaloangalia kwenye simu ni la bandarini, Dar au Tanga. Mtoni maji yanachelewa. Kadiri unavyopanda juu ndivyo yanavyochelewa. Muulize wa palepale.

#23 Binti Chumbageni

Hili jibu la mzee libandikwe juu ya uzi.

#24 Darubini Mkononi

Naunga mkono. Na lile la choo.

#25 Kikundi cha Upatu

Wapendwa, sisi tuko kinamama kumi na wanne wa Tanga mjini, tumecheza upatu mwaka mzima, tumeamua faida twende Wami. Tumeshalipia Kosta, ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Mkuu Mchu, tuambie tutafaidi?

#26 Mchu wa Kaole

Hongereni dada zangu. Hiyo Jumamosi itakuwa tarehe ngapi ya mwezi mwandamo?

#27 Kikundi cha Upatu

Katibu wetu anasema tarehe tisa.

#28 Mchu wa Kaole

Maji mafu hayo. Sogezeni Jumamosi moja mbele, tarehe kumi na sita ya mwezi mwandamo, maji yatakupwa saa nne asubuhi, mtaona mpaka mchoke. Mlale karibu na geti tu, maana kutoka Tanga asubuhi hamtawahi.

#29 Kikundi cha Upatu

Kosta hairudishi hela kaka. Na Jumamosi hiyo nyingine kuna harusi Ngamiani, nusu ya wanachama ni wapishi.

#30 Nahodha Mstaafu

Basi nendeni hiyohiyo, lakini msipande asubuhi, asubuhi hiyo maji yamejaa. Ombeni boti ya saa tisa na nusu. Maji yatakuwa yamekupwa kidogo saa kumi na ushei. Mwambieni nahodha asiwapeleke mdomoni, awapandishe juu kwenye mikuyu. Mbega mtawaona, viboko mtawaona. Mamba msinidai. Na kumi na wanne msipande boti moja, gawanyikeni boti mbili, atakayebaki akae kivulini na chakula.

#31 Kikundi cha Upatu

Shikamoo mzee wetu. Hapo kwenye chakula ndio tutagombana, nani aachiwe nacho.